Namna ya Kuchagua Spea za Ndani za Injini Bila Kumtajirisha Mwenye Duka

Pikapu ya Hilux yenye injini ya 3L ikianza kutoa moshi wa buluu na kula oili, mwenyewe hupatwa na homa ya ndoto. Juzi alikuwa akibeba mahindi na matofali. Leo anazungumzia turbo, kamshafti ya mashindano, na jinsi atakavyoyaacha magari ya watu mlima Kitonga. Mwongozo huu ni wake, na nauandika kwa mapenzi, maana gari hilo linalisha familia.

Kwanza, ndugu yangu, iamulie injini kazi yake na usibadili maneno ukifika dukani. 3L ni dizeli ya silinda nne, 2,779 cc, haina turbo. Kipenyo cha silinda ni milimita 96 na safari ya pistoni ni milimita 96. Imeundwa kuvuta mzigo. Kamshafti ya mashindano hupeleka nguvu juu kwenye mizunguko mikali, na wewe mwenye mifuko ya saruji mgongoni unaitaka nguvu chini, pale unapoachia klachi. Chukua ya kiwandani. Kama yako haijalika, isafishe na uirudishe.

Wapo pia wanaotaka kuitanua 3L iwe 5L, kwa sababu rafiki fulani kijiweni kasema inawezekana. 5L ina kipenyo cha milimita 99.5. Hizo milimita 3.5 zitachongwa kutoka kwenye kuta za silinda, na kuta hizo ndizo zinazotenganisha moto na maji. Mwache rafiki huyo aanze na gari lake.

Sasa amri inayowaudhi wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kirinyaga Road, Nairobi, pia: usinunue kitu bado. Anayerudi nyumbani na seti ya pistoni kabla bloku haijapimwa ni sawa na anayemnunulia viatu mtoto ambaye hajazaliwa. Peleka bloku iliyosafishwa kwa mchongaji. Aipime kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili, maana silinda hailiki sawasawa. Silinda iliyolika kuliko zote ndiyo inayoamua saizi ya zote nne. Akisema nusu milimita, ndipo unaponunua pistoni za nusu milimita, na unampelekea kabla hajachonga. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea: bloku huchongwa kwa kukisia, pistoni huja baadaye, na nafasi kati ya vitu hivyo viwili, inayohesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, inaachiwa bahati. Mchongaji anayejua kazi huipima pistoni uliyomletea, kisha huchonga kwa kuifuata.

Ukiwa dukani, omba mizani. Muuzaji atakutazama kama umeomba binti yake; wewe omba tu. Pistoni nne za seti moja zikitofautiana uzito waziwazi, zirudishe kabatini, hata kama boksi lina maandishi ya dhahabu. Boksi huchapishwa popote, lakini uzito na kipimo haviigiziki kirahisi hivyo.

Ringi huuzwa kwa saizi ile ile ya pistoni. Iingize ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji ukiwa na kitabu cha injini mkononi. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi ikipata joto ncha zitakutana na kukwangua silinda mpya. Ukiwa mkubwa mno, moshi wako wa buluu umerudi na risiti.

Metali za krankishafti zina sheria hiyo hiyo. Krankishafti ipimwe kwa maikromita. Ikiwa nzima, nunua standadi, na ikiwa imechongwa robo milimita, nunua za robo milimita. Fundi anayetaka kubana metali kwa kuweka karatasi nyuma yake mnyang'anye spana kwa upole na umpeleke akale chakula cha mchana. Karatasi huzuia joto kutoka na huweza kuziba tundu la oili. Injini hiyo itanoki.

Nitakaa kidogo kwenye gasketi ya silinda hedi, kwa sababu wengi huichukua ya kwanza wanayopewa. Kwenye injini hizi huja kwa unene wa aina tatu, na anayechagua unene ni pistoni: inapimwa imechomoza kiasi gani juu ya bloku ikiwa imefika kileleni. Nyembamba kupita kiasi, pistoni inakaribia hedi kwa hatari. Nene kupita kiasi, mgandamizo unashuka, na asubuhi ya baridi ya Makete utawaita majirani wote wakusukume. Hedi yenyewe ipimwe unyoofu na ipimwe nyufa kwa shinikizo kabla hujaipakia vali mpya, hasa kama gari liliwahi kuchemsha.

Mkanda wa taimingi na beringi yake ya kukazia nunua vipya pamoja, bila mjadala. Toyota waliweka taa kwenye dashibodi kukumbusha mkanda huo kila kilomita 100,000, na mafundi wengi huizima tu. Ukikatika, vali hukutana na pistoni ulizozipima kwa mizani.

Pesa ikibaki, achana na turbo. Zipeleke nozeli zikapimwe, maana nozeli inayomwaga dizeli ovyo hutoboa pistoni mpya kama ya zamani, kisha nunua pampu ya oili, themostati na mfuniko wa rejeta. Mdai mchongaji karatasi yenye vipimo vyote kwa mwandiko wake, na uitunze ndani ya gari. Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili na ubadilishe chujio, hata kama bado inaonekana safi.