Masharubu Hayatoshi

Ugomvi wangu si na nzi, ni na wataalamu wao. Nzi jambazi, wa familia ya Asilidae, hajanikosea kitu. Anatua ukutani, miguu imejaa miiba, macho yametokeza pande zote mbili na katikati ya utosi pamezama, usoni masharubu mazito. Mdudu akipita, anamdaka hukohuko hewani, anamdunga mdomo, anamtilia mate ya kumlegeza na kumyeyusha nyama ya ndani, kisha anamfyonza. Mwenye sifa zote hizo nilidhani hahitaji kitambulisho.

Kumbe duniani wako spishi zaidi ya 7,000, na mpwa wangu anayesomea wadudu, anayekuja likizo kwangu kula wali wangu, hakubali niseme "nzi jambazi" halafu niendelee na chai.

"Yupi, Mjomba?"

"Huyo wa kijivu."

"Wa kijivu ni wengi."

Ananishikisha lenzi. Nihesabu vyumba vya bawa, vile vilivyozungushiwa mishipa karibu na ncha: vikiwa vitatu, yaelekea ni Promachus, vikiwa viwili, huenda ni Philodicus. Vikawa vitatu. Nikasimama nidai chai yangu, naambiwa hiyo ni jenasi tu, sawa na kujua ukoo wa mtu bila kumjua mwenyewe. Kwenye spishi maswali yanazidi uchokozi: masharubu ni meupe, au ya manjano hafifu? Nani aliyeweka mpaka hapo? Asubuhi yalikuwa meupe kabisa. Jua la saa kumi na moja lilipoingia barazani, yakawa ya manjano.

"Basi tutazame sehemu za siri," akasema, bila haya, mbele ya mjomba wake.

Na ndiyo sayansi yenyewe. Madume wanaofanana kwa kila kitu mara nyingi hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vilivyo mwisho wa tumbo. Hukatwa, hulowekwa kwenye potasiamu haidroksaidi mpaka nyama iyeyuke yabaki maganda, ndipo hadubini ifanye kazi. Kule Afrika Kusini, Jason Londt aliichambua jenasi moja tu, Neolophonotus, katika miaka ya 1980, nayo ina spishi zaidi ya 200. Namwamkia. Mimi subira hiyo sina hata ya kungoja daladala.

"Na jike?"

"Jike, Mjomba, mara nyingi hatambuliki mpaka umkute na dume wake."

Sasa jike huyo huyo wakati mwingine humla dume. Yaani shahidi pekee wa utambulisho wake anamfyonza, halafu sisi tubaki na lenzi mkononi.

Mwenye nafuu kidogo ni Hyperechia, hapahapa Afrika, anayejifanya yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti, na funza wake huwala watoto wa nyuki huyo huyo. Eti kumtofautisha ni rahisi: nzi ana mabawa mawili, nyuki manne. Vizuri. Wewe msogelee umhesabie.

Kwa sasa chupa zimejaa kwenye friji yangu, kando ya maziwa, zote zimeandikwa mahali na tarehe kwa mwandiko safi, na penye jina "Promachus sp.", jike. Mke wangu ameuliza "sp." ni nini. Nimemwelekeza kwa mtaalamu.