Masomo ni Bure, Njoo na Milioni Thelathini

Jirani, kaa kidogo. Mtu akikuambia kuna masomo ya bure Ulaya, mshike mkono, mwulize: bure ya shilingi ngapi? Mimi sikuuliza. Mimi nikisikia bure huwa natoka mbio hata viatu sijavaa.

Habari nilipewa na kijana wa steshenari pale stendi, yule anayetoa fotokopi na kuwatengenezea watu CV za uongo. "Ticha," akaniambia, "Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada. Unapiga masters bure." Nikaacha hata chenji. Mimi mwalimu wa sekondari, Mbagala. Nafundisha Kiingereza. Wenzangu tulioanza nao kazi ni wakuu wa shule siku hizi, mmoja afisa elimu, ana gari lina kiyoyozi mpaka kiti cha nyuma. Mimi bado nasimamia zamu ya usafi wa vyoo. Nikasema sasa na mimi zamu yangu imefika, na si ile ya vyoo.

Kumbe bure ina geti. Mjerumani ada hataki, sawa. Ila kabla hajakupa viza anataka aone hela yako ya kula ya mwaka mzima umeiweka kwenye akaunti maalumu. Inafungiwa. Hela yako mwenyewe, unapimiwa kila mwezi! Euro 11,904. Mimi nilidhani ananisomea namba ya simu. Kijana akapiga kikokotoo, ikaja zaidi ya shilingi milioni 30. Akanigeuzia kioo nione. Nikamwomba azime.

"Ila ukipata skolashipu, Ticha, hiyo akaunti hawakuulizi."

Hapo ndipo niliponaswa. Maana ndugu yangu, hakuna kitu ghali duniani kama kuomba msaada. Wewe maskini, unataka kusaidiwa kwa sababu ni maskini, sasa lete hela tuthibitishe umaskini wako. Paspoti, 150,000. Kugonga mihuri vyeti kwa wakili, hela. Transkripti chuoni, hela, na nauli ya kuifuata mara ya kwanza ukaambiwa mhusika ametoka, na nauli ya kurudi ukamkuta mhusika ndiye yule yule aliyekuambia mhusika ametoka. Vyuo vingi vya Marekani vinataka ada ya kuomba tu nafasi, hairudishwi hata ukikataliwa. Eti kama huna unaweza kuandika barua kuomba usamehewe hiyo ada. Yaani unaomba kuomba. Nikaachana na Marekani, mapafu yangu hayana pumzi hiyo.

Halafu ukaja mtihani wa Kiingereza. IELTS. Nikacheka. Mimi? Mwalimu wa Kiingereza? Ada ya mtihani ilipotajwa nikaacha kucheka. Mke wangu, Mama Neema, ikabidi akope kwenye kikoba chao, akasaini kwa jina lake, na mpaka leo nikichelewa kurudi nyumbani ananiita "mkopo wangu".

Siku ya mtihani nafika ukumbini, nani yuko mlangoni? Mwanafunzi wangu wa zamani. Binti mwenye adabu zake. "Shikamoo, mwalimu. Umekuja kusimamia?"

Nikasema marahaba. Sikusema zaidi. Tukaingia, akaniona nakaa kiti cha nyuma yake, na penseli.

Kile kipande cha kusikiliza, jirani, sauti inapita mara moja tu. Hairudiwi. Mimi nimeoa, nimezoea jambo kuambiwa mara tano, na ya tano kwa ukali. Kuna mzungu akawa anaelekeza njia ya kwenda maktaba: pita kulia, vuka daraja, acha bustani kushoto kwako. Nikapotea nimekaa kwenye kiti. Wenzangu wamefika maktaba, wameazima vitabu, mimi bado nazunguka darajani. Majibu yakatoka: na kuandika nako, 5.5. Vyuo vingi nilivyovitaka vinasema 6.5. Yule binti akapata 7.5, akanitumia ujumbe wa kunishukuru kwa msingi niliomjengea. Na majibu yenyewe yanakubalika kwa miaka miwili tu. Ikipita, Kiingereza chako kimeexpire, lipia kingine. Ikabidi nirudie. Kikoba kikakaa kikao.

Tuje kwenye GPA. Hii nisikusimulie umesimama. Mimi nilimaliza 2009, GPA yangu 2.9. Usiniangalie hivyo, huku kwetu inapimwa kwa tano. Wajerumani wana kanuni yao ya kubadilisha alama za wageni, wanaiita fomula ya Bavaria. Kijana akaingiza 2.9 yangu, ikatoka 3.1. Jirani, nilishangilia! Nikasema ona sasa, wenzetu wanajua thamani ya mtu, imepanda bila hata kusoma. Nikampa elfu mbili ya soda. Akaipokea kwanza, akaiweka mfukoni, ndipo akaniambia kwamba kwa Mjerumani moja ndiyo ya juu, na nne ndiyo umepita kwa kuchungulia. Soda hakurudisha.

Lile shirika lao la DAAD lina ufadhili wa watu kama sisi wa nchi zinazoendelea. Wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili. Ninayo, hata ya kugawa. Ila shahada, kwa kawaida, isiwe imezidi miaka sita. Yangu ingekuwa mtoto ingekuwa imeshaanza kuota ndevu na kunijibu vibaya. Waingereza nao na Chevening yao wanataka saa 2,800 za kazi. Nikakaa chini kuhesabu. Saa za foleni ya Mbagala ukiniruhusu kuziingiza, ufadhili huo ningepewa mara tatu. Lakini hawana sehemu ya kujaza foleni. Wanayo sehemu ya kujaza uongozi. Insha. Eleza jinsi ulivyowaongoza watu wakakufuata. Nikawaza sana. Anayeongoza kwetu ni Mama Neema. Kikoba ni yeye mwenyekiti, jumuiya ni yeye, hata kuku wakimsikia wanaingia bandani. Mimi watu walinifuata mara moja, nikiwa na deni. Nikaandika zamu ya vyoo. Nikaiita mradi wa usafi wa mazingira wenye kugusa vijana mia nne.

Halafu barua za wadhamini. Wanataka wahadhiri wawili wanaokufahamu vizuri. Wanaonifahamu! Mhadhiri wangu mmoja kastaafu, analima matikiti huko Kibaha. Mwingine kaingia siasa, namba ngeni hapokei. Wa tatu nikampata kwenye simu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja. Kimya. Nikataja mwaka. Kimya. Nikamwambia nilikuwa nakaa upande wa kushoto, karibu na dirisha lililovunjika. "Aaah," akasema, "dirisha nalikumbuka." Basi akaniambia, kijana wangu, mimi nina mambo mengi, andika barua mwenyewe, nitumie, nitaituma.

Umeshawahi kujisifu kwa maandishi, kwa jina la mtu mwingine, usiku, kwa taa ya simu? Nilianza kwa aibu. Nikaandika "ni mwanafunzi wa wastani". Nikafuta. Nikaandika "ni hodari". Ikanoga. Mpaka saa sita usiku nimeshakuwa miongoni mwa akili chache za kizazi chake. Asubuhi Mama Neema akaikuta mezani. Yeye Kiingereza anakisoma vizuri kuliko anavyoniruhusu nijue. Akaisoma yote, taratibu, akaikunja.

"Baba Neema, huyu kaka anaonekana mtu wa maana sana. Ameoa?"

Kulikuwa na fomu nyingine, ya hali yako ya kifedha. Madeni uliyonayo. Nikajaza mkopo wa elimu ya juu. Si unajua sheria, ukiajiriwa asilimia 15 ya mshahara inakatwa juu kwa juu mpaka deni liishe. Mimi zamani zile bumu likiingia tunaingia Kariakoo. Nilinunua sabufa. Ilikuwa na taa za bluu. Sabufa ilikufa kabla sijamaliza mwaka wa pili, na mimi naikatwa mpaka leo. Wameuliza mkopo ule ulikusaidiaje kitaaluma. Nikaacha wazi.

Basi kwa maajabu ya Mungu, shirika moja la ufadhili, sitalitaja, likaniita kwenye usaili. Kwa Zoom. Jopo liko London. Jumatano, saa nne asubuhi kwa saa zao. Hapo sikubahatisha: London na Dar tunapishana masaa matatu, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Nne na tatu, saba. Saa saba mchana. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikaazima laptopu ya mhasibu, nikaazima koti la mwalimu wa dini, nikanunua bando la kufa mtu. Saa saba kasoro dakika tano nimeshakaa, nimetabasamu mpaka shavu linauma. Nikaingia. Mama mmoja mwenye miwani akatokea, ananiangalia kwa huruma. Eti walinisubiri saa sita.

Jirani, wale watu wanasogeza saa! Nakuapia. Jumapili ya mwisho ya Machi, usiku, nchi nzima inakubaliana saa moja haipo, wanaendelea na maisha. Tunapishana masaa mawili hapo, sio matatu. Na mimi usaili wangu ulikuwa Jumatano ya wiki hiyo hiyo. Jua la Mbagala liko pale pale lilipo tangu nizaliwe, nitajuaje kwamba huko saa imetoroka?

Yule mama akanionea huruma. Akasema nirudi mwisho wa siku yao, watanipa robo saa. Ikawa saa kumi na mbili na nusu jioni kwetu. Shule imefungwa, nikahamia nyumbani, sebuleni. Muda ule unaujua wewe. Muda wa mbu. Maprofesa watatu wako kwenye kioo, wananiuliza kwa nini wao waniteue mimi, na mbu katua shavuni. Nikajizuia. Akatua wa pili. Nikajipiga kofi. Kofi la nguvu, paa! Katikati ya sentensi inayosema mimi ni mtu mtulivu. Wote watatu wakainama wakaandika kitu. Koti nalo, mwalimu wa dini ni mtu wa mwili mdogo, nilipojipiga likachanika kwapani. Hilo nashukuru hawakuliona, wakaona mkono tu haushuki vizuri.

Wakauliza, unajiona wapi miaka kumi ijayo? Nikapiga hesabu ya umri wangu, nikajibu kwa ukweli: karibu na pensheni. Wakaandika tena.

Halafu wakauliza swali la mwisho. Tueleze wakati mmoja ulioshindwa jambo. Jirani yangu, hapo ndipo mlango ulipofunguka. Huko nyuma kote nilikuwa nababaika, hapa Kiingereza kikatiririka kama cha BBC. Nilianza na mashindano ya mbio darasa la pili. Nikaja kwenye matokeo ya kidato cha nne, nikaja kwenye posa ya kwanza, ile kabla ya Mama Neema, nikawaeleza na sabufa. Yule profesa wa katikati alikuwa ameweka kalamu chini, anasikiliza kwa moyo wote. Robo saa ikaisha nikiwa bado 2011, hata biashara ya kuku sijaifikia.

Majibu yamekuja juzi. Sijakosa, sijapata. Niko orodha ya akiba. Maana yake kuna watu waliochukua nafasi, na mmoja wao akijitoa, naingia mimi. Sasa usiku ninapiga magoti nawaombea watu nisiowajua wapate kazi nzuri kwao, wachumbie, wajenge, wasiwe na haja ya kusafiri. Sijawahi kuwatakia watu mema kiasi hiki.

Chuo chenyewe kimenipokea, barua ninayo, ina nembo ya simba wawili. Hela tu ndiyo hakuna. Lakini Mama Neema amepiga picha ile barua akaitupa kwenye grupu la ukoo, ukurasa wa kwanza tu, ule wenye hongera. Ule wa malipo hakuutupa. Toka hapo simu haipoi. Shemeji anataka simu ya macho matatu. Shangazi wa Korogwe anauliza kama huko makoti ya baridi yanauzwa kwa mafungu. Mkuu wa shule ameshampa mtu mwingine zamu yangu ya vyoo, na mimi, niamini usiniamini, roho imeniuma.

Jana jioni nikaenda dukani kwa Mangi, kuchukua sukari nusu kilo, iandikwe. Mangi akafungua daftari, akalitazama, akanitazama.

"Mwalimu, nasikia unaruka. Hebu tufunge hesabu kwanza."

Nikamweleza kila kitu. Nikamweleza sijaruka, nikamweleza orodha ya akiba inavyofanya kazi, kwamba mpaka mtu mwingine ajitoe. Mangi ni msikivu, aliniacha nimalize. Kisha akarudisha kile kimfuko cha sukari kwenye shelfu.

"Nimekuelewa, mwalimu. Basi na hii sukari nimekuweka akiba. Mwenye hela asipokuja, nitakupigia."