Barua ya Wazi kwa Mwalimu Mkuu Agawaye Marafiki

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Mkuu wa Chekechea,

Nimeipokea ripoti ya mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka minne, nami nimestaajabia firasa yenu, kwani kwa mstari mmoja mmehukumu kwamba "hana rafiki", na kwa kumwonea imani mmemteulia mmoja, mkifuata mpangilio wa majina katika daftari la mahudhurio.

Wallahi, hikima hii haikuwajia wataalamu wa Marekani. Mwaka 1957 McCandless na Marshall, walipotaka kujua nani hupenda kucheza na nani miongoni mwa watoto wadogo, walijipa taabu ya kumwekea kila mtoto picha za wenziwe wa darasani, wakamtaka awaonyeshe mwenyewe awapendao, ndipo wakazipima kauli za walimu kwa chaguo hizo. Upuuzi ulioje, kumwuliza mtoto habari za suhuba yake, ilhali mwalimu yupo!

Ninyi mwawatazama wakiwa wameketi, mikono juu ya meza na vinywa vimefumbwa; basi atuliaye kando ya mwenziwe mwamwandika mpenda watu, na wawili wagombeao kopo moja la mchanga, wakalia, kisha wakapatana kabla ya machozi kukauka, mwawaita mahasimu na kuwatenga. Mimi, ambaye aghalabu hufika mapema kumchukua mtoto na kusimama uani bila ya kazi, humwona akimngojea bombani mvulana mmoja, wanawe mikono pamoja, wala hawasemezani neno. Na siku mvulana huyo asipokuja, chakula cha mchana humshinda. Yule mliyemteulia, hata jina lake halijui.

Sikatai kwamba watoto ni wengi na mwalimu ni mmoja, na kwamba mstari wa ripoti sharti ujazwe. Lakini mstari uliobaki mtupu usingalimdhuru mtu.

Na kwa kuwa urafiki sasa hutolewa ofisini, nataraji mtanifahamisha iwapo aliyepewa rafiki asiyemtaka ana haki ya kukata rufaa, na iwapo mvulana wa bombani, ambaye jina lake laanza kwa Z, ilhali la mjukuu wangu laanza kwa A, itampasa angoje mpaka daftari lifike mwisho.

Wasalaam.