Darubini ya Kuhesabia Matundu

Katika viwanja vya shabaha vya Marekani, bastola kwa kawaida hulengwa umbali usiozidi yadi 25, yaani kama mita 23. Hapo tundu la risasi ya milimita 9 kwenye karatasi nyeupe huonekana vizuri kwa darubini ya kawaida ya macho mawili, ile ya 8x42: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kisumbufu ni tundu la risasi ya .22, takriban milimita 5.6, linapoangukia kwenye duara jeusi. Hata hilo, ukuzaji wa mara 20 juu ya stendi ya miguu mitatu hulimaliza.

Lakini wapo waungwana wasiokubali chini ya mara 60. Kwa lenzi ya milimita 60, mwanga unaofika jichoni huwa na upana wa milimita 1 tu, na picha hufifia kama chai ya majani yaliyorudiwa. Mnunuzi hulipia zaidi ili athibitishe kwamba karatasi ni nzima.

Zipo pia karatasi maalumu: risasi ikipita, rangi kali huchanua kuzunguka tundu, na jicho tupu hutosha. Ni rahisi kwa bei. Kasoro yake ni kwamba jirani naye huona.