Stelingi Hafi, Maiki Anachungulia

Ghala la vifaa vya sinema, Los Angeles, usiku. Mezani wamepangwa wanaosubiri gari la asubuhi liwapeleke kwenye maonyesho ya filamu za ngumi za Wamarekani weusi. MAIKI ana fimbo ndefu, kichwa cha sponji na majivuno yaliyozidi urefu wa fimbo. NUNCHAKU ni vijiti viwili na mnyororo mmoja. Hasira zake ni za watu wawili. BI CHANUO ni wa plastiki nyeusi, mpini wake umefinyangwa mfano wa ngumi iliyoinuliwa. KIBANDIKO amechapishwa jioni hii, wino wake bado unanuka.

KIBANDIKO: Shikamooni, wazee wangu. Mimi ndiye nitakayewaambia wageni ninyi ni nani.

BI CHANUO: Marahaba, mwanangu. Hebu jisome tusikie.

KIBANDIKO: (akikohoa) "Filamu hizi, zilizozaliwa pale mateke ya Hong Kong yalipokutana na mitaa ya Harlem na Los Angeles, hupendwa leo kwa ubovu wake mtamu."

NUNCHAKU: Ubovu wa nani?

KIBANDIKO: Si tusi, mzee, ni nadharia. Susan Sontag aliieleza katika insha ya mwaka 1964. Kuna kazi inayofanywa kwa dhati yote, ikazidi kipimo, ikapinda, na ladha yake ikawa kwenye huko kupinda.

NUNCHAKU: Mwaka 1964 Bruce Lee alikuwa Long Beach, mbele ya wanakarate, akimrusha mtu kwa ngumi iliyotoka umbali wa inchi moja. Huyo mama alikuwapo?

MAIKI: Mwacheni kijana aseme. Mimi nadharia hiyo imenikaa kama suti ya kushonesha. Ninyi hapa mlikuwa vifaa tu. Mimi nilikuwa mhusika. Picha ya *Dolemite*, mwaka 1975. Rudy Ray Moore amesimama na kofia yake, anatukana kwa vina, mara naingia kwa juu, polepole, kama mkwe anayechungulia chungu. Watu wanaanguka kwenye viti! Wameirudisha kanda ile mara ngapi? Si kwa ajili ya Moore. Kwa ajili yangu.

BI CHANUO: Na ulikuwa unaingia kufanya nini?

MAIKI: Sanaa.

KIBANDIKO: Kwa kweli, mzee, hilo nimelisoma kwenye faili. Filamu ile ilipigwa ikiwa na nafasi ya ziada juu na chini. Ukumbini mwendesha mashine alitakiwa kuifunika nafasi hiyo, iende pembeni mwa macho. Waliokuja kuihamishia kwenye kanda za video waliiacha wazi, na sehemu kubwa ya kuchungulia kwako ikatokea hapo. Ilipotengenezwa upya mwaka 2016, wakarudisha ukubwa wake wa awali. Ukatoweka.

MAIKI: Nilikatwa! Umri wa miaka arobaini na moja, katikati ya umaarufu! Mashabiki wakapiga kelele mpaka diski ikatolewa na toleo la pili, langu, la maiki kuonekana. Lipo. Nendeni mkatazame.

NUNCHAKU: Unalilia kukatwa wewe? Mimi bodi ya sensa ya Uingereza ilinikata kuanzia mwaka 1979, hata ndani ya *Enter the Dragon* ya Bruce Lee yenyewe. Waliona vijana wa London wataniiga wakapasuana vichwa. Chuki ikaendelea hadi mwaka 1991, wale kasa wa kuchora walipofanyiwa filamu ya pili, mmoja wao akazungusha soseji mbili zilizoungana. Soseji! Zikakatwa nazo, kwa kunifanania.

MAIKI: Afadhali wewe. Ulikatwa kwa kuogopwa. Mimi nilikatwa kwa usafi.

BI CHANUO: Basi, basi. Mwanangu Kibandiko, nijibu mimi. Miaka ile yote watu walikuwa wakimcheka Moore kwa kosa la mtu wa video aliyekaa ofisini?

KIBANDIKO: Kwa sehemu, ndiyo.

BI CHANUO: Na mpiga picha aliyeambiwa hajui kazi?

KIBANDIKO: Nicholas von Sternberg. Mtoto wa Josef von Sternberg, yule aliyempiga Marlene Dietrich taa mpaka akawa malaika.

BI CHANUO: Kwa hiyo hata ubovu una wafadhili. Endelea.

KIBANDIKO: Lakini, mama, tusimpambe marehemu. Moore hakuwa mpiganaji. Alikuwa mchekeshaji mwenye tumbo, pesa ya filamu aliikusanya kwa santuri za matusi ambazo maduka yaliziuza chini ya kaunta. Teke lake hufika baada ya adui kwisha kuanguka. Hilo halikuletwa na kanda ya video.

BI CHANUO: Nani amempamba? Ila alijua. Tazama *The Human Tornado*, mwaka uliofuata. Anaruka uchi kutoka juu ya kilima, halafu picha inasimama, sauti yake inatwambia najua hamwamini kwamba nimeruka mwenyewe, na mruko unarudiwa. Mtu wa namna hiyo utamcheka vipi kwa siri? Amekwisha kukukalia kwenye kiti cha jirani, anacheka na wewe, na tiketi umelipa.

NUNCHAKU: Mimi huyo Moore simwiti mpiganaji, na sitaki tuwekwe rafu moja. Jim Kelly ndiye. Bingwa wa Long Beach mwaka 1971, uzani wa kati. Alichukuliwa *Enter the Dragon* dakika za mwisho, baada ya Rockne Tarkington kujitoa. Afro yake ilikuwa na mduara wake, teke lake lilikwenda lilikotumwa. Anaanza kwa kusimamishwa na polisi wawili weupe gizani. Anawapiga, anapanda gari lao, anaondoka zake kwenda Hong Kong. Sinema nzima ya mwaka 1973 ilitaka nini zaidi ya hapo?

MAIKI: Na lile jibu lake! Tajiri Han anamuuliza amejiandaaje kwa siku ya kushindwa, naye anasema ikifika hataiona, atakuwa ameshughulika na kupendeza.

NUNCHAKU: Hapo ndipo moyo wa mambo ulipo. Andika hiyo, karatasi.

BI CHANUO: Akafa.

NUNCHAKU: Bi Chanuo...

BI CHANUO: Akafa! Han alimpiga kwa mkono wa chuma, akamning'iniza kwa minyororo juu ya shimo. Mzungu aliyekuja naye kisiwani, John Saxon, aliondoka mzima na shati lake. Kanuni ya picha za ngumi inajulikana hata kwa mtoto aliyesimama nje ya kibanda cha video Kariakoo, hana kiingilio, anachungulia kwenye tundu: stelingi hafi. Sasa ukitaka kujua watu weusi wa Marekani waliambiwa wao ni nani katika picha ile, tazama nani alikufa.

(Kimya. Nunchaku anajikunja mnyororo.)

BI CHANUO: Kwa hiyo studio ya Warner wakahesabu tiketi, wakagundua watu walitoka wakimtaja Kelly. Mwaka 1974 wakampa *Black Belt Jones*, mwongozaji yuleyule Robert Clouse. Hadithi yenyewe ni ya kuokotwa: mafia wanataka jengo la shule ya karate, mzee Scatman Crothers hataki kuliuza. Pambano la mwisho wanapigana kwenye kiosheo cha magari, povu mpaka kifuani, maadui wanatupwa kwenye lori la taka. Huyaoni mateke, unaona povu linarukaruka. Nilicheka mpaka meno yangu yakagongana. Lakini Kelly alitoka kwenye povu lile hai. Na huko kutoka hai kulikuwa na thamani yake.

KIBANDIKO: Nikiandika "povu la ukombozi"?

BI CHANUO: Ukiandika hivyo nakuchana katikati. Ni povu la sabuni.

MAIKI: Mimi ningependa kusema kwamba katika tukio lile nisingeweza kushuka, maji...

BI CHANUO: Nyamaza. Na usisahau Gloria Hendry. Jones anamwambia abaki nyumbani aoshe vyombo. Bibi anachomoa bastola, anavipiga risasi sahani kwa vikombe. Vimeoshwa. Mwaka mmoja kabla alikuwa na James Bond, na wakamuua. Huku akapewa mateke yake mwenyewe. Na Tamara Dobson, *Cleopatra Jones*, mwanamitindo wa futi sita na inchi mbili, kwa makoti yale ya manyoya na vilemba vile anapigana kama mtu anayeogopa kuharibu nguo, na ni haki yake, nguo zilikuwa nzuri kuliko picha. Hadi Hong Kong wakampeleka mwaka 1975, Shaw Brothers wakaingia ubia.

KIBANDIKO: Hapo hata mimi nakubali. Lakini, mama, kuna zingine utazitetea vipi? *Three the Hard Way*, mwaka 1974. Mzungu tajiri mwenye jeshi lake binafsi anataka kutia sumu kwenye maji ya Los Angeles, Detroit na Washington. Sumu inayochagua: inaua watu weusi tu, weupe wanakunywa, wanakwenda kazini. Jim Brown, Fred Williamson na Jim Kelly, watu watatu, wanagawana miji mitatu. (anacheka) Nimeandikwa hapa chini: "njama ya kipuuzi iliyopitiliza".

BI CHANUO: Habari za Tuskegee zilitoka magazetini mara ya kwanza mwaka gani?

KIBANDIKO: ...1972.

BI CHANUO: Waeleze hawa.

KIBANDIKO: Idara ya afya ya serikali ya Marekani, Alabama. Tangu mwaka 1932, wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende waliambiwa wanatibiwa, kumbe wanatazamwa tu. Hata penisilini ilipopatikana hawakupewa. Miaka arobaini.

BI CHANUO: Sasa mtu amesoma hayo gazetini, miaka miwili baadaye anakaa ukumbini, anaona daktari mzungu anachanganya sumu ya watu weusi. Acheke nini? Vifaa vya maabara vilikuwa vya kuchekesha, ndiyo. Taa nyekundu zikiwaka na kuzima. Bajeti ndiyo iliyokuwa ya kipuuzi, mwanangu. Njama ilikuwa imetoka kwenye habari.

NUNCHAKU: Aliyeiongoza hiyo ni Gordon Parks mdogo, mwenye *Super Fly*.

BI CHANUO: Ndiye. Alikwenda Kenya kutengeneza filamu, ndege ndogo ikaanguka naye, mwaka 1979. Angalikuwa na miaka mingine thelathini, huenda leo tungekuwa na picha ya ngumi iliyopigwa Nairobi na mtu anayejua kamera aiweke wapi.

MAIKI: Na maiki.

NUNCHAKU: Kuna kitu kinaniudhi kwa hawa mashabiki wa leo. Wanadhani wote walikuwa waigizaji wa bandia. Ron Van Clief, kijana wa Brooklyn, aliyekuwa askari wa majini, alicheza *The Black Dragon* mwaka 1974. Mdomo unasema jambo, sauti ya Kiingereza inasema jingine, sawa, chekeni. Mwaka 1994, akiwa na miaka 51, aliingia ulingo wa UFC wa nne. Akapangiwa nani? Royce Gracie.

MAIKI: Akashinda?

NUNCHAKU: Alikabwa koo kabla dakika ya nne haijaisha.

MAIKI: Ahaa.

NUNCHAKU: Ahaa nini? Mwenye miaka 51! Wewe ukifika hapo sponji itakuwa imebaki?

KIBANDIKO: Nimefika kwenye swali gumu. Je, niandike kwamba zilikuwa za kunyonya? Junius Griffin, mtu wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, wa huku Hollywood, alizishambulia filamu za watu weusi za wakati ule tangu mwaka 1972, akisema zinawatukuza makuwadi na wauza unga.

BI CHANUO: Andika alichosema, alikuwa na hoja. Faida kubwa ilipanda lifti za studio. Kelly alipewa picha mbovu baada ya mbovu, mwaka 1977 wakamfunga roketi mgongoni katika *Black Samurai*, mwishowe akashika raketi ya tenisi. Ila Griffin hakuwauliza vijana wa safu ya mbele. Wao walikuwa na sababu zao, na sababu hizo hazikuwa za kijinga. Walikwenda kumwona mtu anayefanana nao akipigana na watu kumi na wawili asikunje shati. Walijua ni uongo. Kwa siku nzima nje walikuwa wamekula ukweli.

NUNCHAKU: Unasema kama uliyekuwapo. Wewe ulitumika picha gani, Bi Chanuo? Mimi sijakuona kwenye orodha.

BI CHANUO: Sikutumika picha yoyote.

KIBANDIKO: Haiwezekani. Wewe ni kifaa namba nne.

BI CHANUO: Mimi nilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa bugaluu la kijana mmoja, aliyekaa kiti cha mbele. Niliangukia chini ya viti alipokuwa akionyesha wenzake teke la Kelly, akaipiga kahawa ya jirani. Waliosafisha ukumbi wakaniokota, nikazunguka mpaka mikononi mwa wakusanyaji, wakadhani nilitoka kwenye seti. Sikuwasahihisha. Huku kuna mwanga.

MAIKI: (fimbo ikitetemeka) Subiri. Ulikuwa ukumbini mwaka 1975? Uliiona *Dolemite* ikiwa bado mpya?

BI CHANUO: Usiku wa Jumamosi, ukumbi umejaa.

MAIKI: Basi waambie hawa. Niliposhuka, walifanyaje? Walipiga makofi? Walisimama?

BI CHANUO: Mwendesha mashine wetu alikuwa mzee makini, mwanangu. Alifunika juu, akafunika chini. Hatukukuona.

MAIKI: Hata kidogo?

BI CHANUO: Hata sponji.

(Nunchaku anacheka mpaka vijiti vinagongana.)

MAIKI: Kijana Kibandiko, njoo karibu. Hilo la mwendesha mashine, wageni wa kesho hawana haja ya kulijua.