Jiwe la Mjomba na Bakuli la Senene

Ukitaka kujua ndugu zako huota nini usiku, wakusanye sebuleni mwezi wa Desemba, mvua ikiwa inamwagika na umeme umekatika, kisha uwatupie jiwe mezani na kuwaambia wakisie ni madini gani. Mjomba alitufanyia hivyo nyumbani kwetu Rubya, na hadi leo wapo wawili katika ukoo ambao hawasalimiani vizuri.

Desemba ni mwezi wetu wa kurudi. Wa Mwanza wanarudi, wa Dar es Salaam wanarudi, na wa Kampala wanarudi na lafudhi mpya. Nyumba ya Bibi hujaa hadi watoto wanalala mzungu wa nne. Mjomba yeye hutokea Kyerwa, ambako hufanya biashara ambazo hakuna aliyewahi kuzielewa: mwaka mmoja ni kahawa, mwaka mwingine ni ng'ombe, mwaka mwingine ni simu alizoziita mpya. Safari hii alishuka kwenye bodaboda akiwa ameinama upande mmoja, na begani ana mfuko wa rambo ndani ya mfuko wa rambo. Akautua mezani, meza ikalia.

Jiwe lilikuwa na ukubwa wa embe dodo, jeusi lenye wekundu kwa mbali, na pale lilipovunjika lilimeta. Ukilishika mkono unashuka wenyewe, kama mtu kakuvuta chini kwa siri. Mjomba akatangaza masharti: kila mtu akisie mara moja, anaruhusiwa kuuliza maswali na kulipima atakavyo, ila asilitoe nje ya kijiji. Atakayepatia anachukua bakuli zima la senene.

Asiyetoka Kagera hawezi kujua uzito wa kauli hiyo. Msimu wa senene ulikuwa unaelekea mwisho, na bakuli lile Bibi alikuwa amelikaanga vizuri, limekauka, linanukia mpaka barazani. Zamani wanawake wa Kihaya waliwakamata senene, wakawachambua mbawa na miguu, wakawakaanga, halafu wakaambiwa kuwala ni mwiko. Shangazi yangu hulikumbuka deni hilo kila mwaka na hulidai kwa niaba ya bibi zake wote. Akalitazama bakuli, akalitazama jiwe, akavuta kiti.

Wa kwanza kukisia alikuwa binamu yangu wa bodaboda, aliyewahi kubeba mizigo ya wachimbaji kule Geita. "Dhahabu," akasema, bila hata kuligusa. Tukamwambia dhahabu ni ya njano. Akajibu kwamba hii bado haijaiva. Mtu ambaye amepita Geita, na ambaye Biharamulo, ndani ya mkoa wake mwenyewe, kumechimbwa dhahabu, humtoi dhahabu kichwani kwa hoja. Akataka nyundo. Dhahabu ya kweli ukiigonga inabonyea na kutandazika, akatueleza kitaalamu kabisa, lakini ile dhahabu ya wajinga inapasuka. Akaligonga kwenye sakafu ya jikoni. Halikubonyea. Kibanzi kikaruka, kikapita juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyeona kilikoangukia. Tukatafuta kwa tochi za simu, tukachoka, tukaendelea na mchezo.

Wa pili ni ndugu ambaye simtaji hata kwa cheo, kwa sababu bado ana wateja. Yeye husadiki mali ya Mjerumani. Kila mkoa una watu wa namna hiyo, lakini Bukoba tuna ushahidi wa kuwachochea: Waingereza waliushambulia mji Juni 1915, Wajerumani wakaondoka mbio, na tangu hapo hakuna mzee asiyejua mti ambao chini yake kumezikwa sanduku la rupia. "Hii ni zebaki ya Mjerumani," akanong'ona, akitazama dirishani kama vile askari wa 1915 bado wanapiga doria. Mpwa wangu, binti wa kidato cha tatu, akamwambia kwa adabu kwamba zebaki ni kimiminika. Akajibu imeganda kwa baridi ya Rubya. Binti akasema zebaki huganda ikifika nyuzi 39 chini ya sifuri. Ndugu yetu akavuta koti lake, akatuuliza kama sisi hatuisikii hiyo baridi.

Shangazi akasema tanzanaiti. Hakuficha sababu. Mwaka 2020 alimwona Saniniu Laizer kwenye televisheni, mchimbaji mdogo wa Mirerani aliyeiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Tangu siku ile Shangazi haokoti jiwe njiani bila kuligeuza. Tukamweleza kwamba tanzanaiti ni ya buluu inayoelekea zambarau na duniani kote inachimbwa Mirerani tu, karibu na Kilimanjaro. "Na huyu Mjomba wenu hawezi kupita Kilimanjaro?" Kila alipouliza kitu alimgeukia Mjomba, na Mjomba kila alipoulizwa alikohoa. Tulidhani ni mbinu ya mtunza siri.

Mwingine akasema kimondo. Huyu aliishi Mbozi enzi za ualimu wake, na kile kimondo cha kule, chuma kilichochanganyika na nikeli, amepiga nacho picha ambayo tumeshaiona sote. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko za waliomtangulia: kimondo kingevuta sumaku. Kilichotushinda ni sumaku yenyewe. Watoto wa nyumba ile wanajua sumaku inapatikana wapi. Kabla hatujamaliza kujadili, spika ya redio ya Babu ilikuwa imefumuliwa mezani kama kuku wa sikukuu. Sumaku ikasogezwa kwenye jiwe. Ikateleza, ikaanguka. Hapo Babu akaingia kutaka kusikiliza matangazo ya vifo.

Sitaeleza yaliyofuata isipokuwa kwamba Babu, akishatulia, huwa anataka kusema neno. Akaketi, akalipakata jiwe, akatamka kwamba ni udongo wa chuma, na kwamba watoto wa siku hizi wanaaibisha ukoo. Babu zetu waliyeyusha chuma katika nchi hii kabla ya wengi waliotuita washenzi kujua wapo wapi. Na hapa Babu hakuwa anatunga. Kule Katuruka, Maruku, wanaakiolojia walichimba tanuri za kale, na mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tanuri upya mbele yao na kuyeyusha chuma jinsi walivyofunzwa ujanani. Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika habari hiyo katika jarida la Science mwaka 1978: tanuri zilikuwa za miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, zimetokeza chuma cha pua, na ufundi wake ulikuwa katika kewa, yaani mirija ya udongo ya kupitishia upepo, zilizoingizwa ndani kabisa ya tanuri, hata upepo wa mivukuto ukapata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Shimo lenyewe lilisheheni nyasi za kinamasi zilizounguzwa. Babu hakusoma jarida hilo, lakini alizungumza juu yake kana kwamba walimwomba ruhusa.

Nilitamani sana Babu awe amepatia. Kisio lake lilikuwa la heshima, na lingeturudishia amani ya redio. Lakini binti wa kidato cha tatu alikuwa ameshaondoka na kamba ya mgomba na ndoo, akielekea kwa muuza bucha.

Mizani ya bucha ile ni ya kuning'iniza, ina ndoano. Binti akalifunga jiwe, akalitundika palipokuwa na paja la mbuzi. Kilo 2.8. Wateja wakakaribia. Kisha akaweka ndoo chini yake, jiwe likazama majini huku bado limening'inia: kilo 2.4. Akaandika mkononi kwa kalamu. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri maini akauliza kama sasa Rubya nyama inapimwa majini. Binti akamweleza kwamba lile pengo la gramu 400 ni uzito wa maji yaliyosogezwa, kwa hiyo jiwe ni zito mara saba ya maji, wakati mawe ya kawaida hayafiki hata mara tatu. Mzee akasema anachojua yeye, ni miaka mingi anapunjwa gramu 400 papo hapo bila maji. Pakazuka mjadala, muuza bucha akaja juu, ndoano ikatikisika, kamba ya mgomba ikakatika. Jiwe likatoboa ndoo, na maji yenye damu ya mbuzi yakamrukia kijana aliyevaa shati jeupe, anayekwenda kutoa barua ya posa. Tukaahidi ndoo mpya na shati. Ndoo tumelipa.

Ilibaki kupima rangi ya unga wake. Unalikwaruza jiwe nyuma ya kigae, upande usiong'arishwa, unatazama alama. Udongo wa chuma mwekundu huacha alama ya rangi ya damu kavu, hata jiwe lenyewe likiwa jeusi. Kigae tulikuwa nacho, kilibaki tulipomjengea Bibi choo cha ndani. Lakini jiwe zima lilikuwa gumu kulishika likakwaruza vizuri. Kilihitajika kibanzi, na kibanzi kilikuwa kimepotea.

Tukala kwanza. Ndizi na maharage. Katikati ya kimya cha watu wenye njaa ukasikika mlio mmoja mkavu, na Shangazi akashika shavu. Akatoa kitu kinywani, akakiinua kwenye mwanga wa kandili. "Nimekipata," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekipata na aliyepoteza jino la kupachika kwa wakati mmoja.

Kibanzi kikaoshwa, kikapelekwa kwenye kigae. Alama ikatoka nyeupe, hata ilitaka kutoonekana. Zito mara saba ya maji, halivuti sumaku, alama nyeupe, limetoka Kyerwa, ambako bati limechimbwa tangu enzi za Mwingereza. Binti akatamka jibu: kasiteraiti, yaani mawe ya bati.

"Bati?" akauliza Bibi. "Ninalo juu ya nyumba, tena linavuja."

Sijawahi kuona jibu sahihi likipokelewa kwa uchungu vile. Dhahabu ilikufa, tanzanaiti ikafa, Mjerumani akafa mara ya pili. Nikajaribu kuwatia moyo kwamba bati ni mali: ndilo linalounganisha nyaya ndani ya simu zao, na nchi za Maziwa Makuu zimekubaliana lisivuke mpaka bila cheti cha asili yake. Hapo Babu akauliza leseni ya Mjomba iko wapi, maana madini ni mali ya umma na tangu 2019 kuna masoko yake rasmi. Mjomba akakohoa kikohozi kirefu kuliko vyote.

"Shikamoo tena, Mjomba," nikamwambia. "Tumepatia au hatujapatia?"

"Mna uhakika ni bati?" akauliza.

Tukatazamana.

"Maana aliyeniuzia alisema ni kitu kinaitwa kolta, cha kutengenezea roketi. Nilimpa baiskeli na simu mbili. Nikasema nikifika nyumbani, kwenye watu wasomi, nitajua."

Mtegaji wa kitendawili alikuwa haujui ufunguo wake. Binti akadai ushindi, Babu akadai mchezo urudiwe kwa sababu hapakuwa na mwamuzi, na wa bodaboda akasema dhahabu huwa inajificha ndani ya bati. Shangazi hakubishana na mtu. Alilivuta bakuli la senene hadi mapajani, akatangaza kwamba humo ndani hakuna mwenye haki nalo isipokuwa yeye, kwa kuwa ndiye pekee aliyelionja hilo jiwe, akaanza kula kwa upande wa meno uliobaki.