Kila Mtu Baba Yake Alikuwa Nayo

Kujaza mafuta kwenye pikipiki ya zamani hapa DeSoto, Texas, ni shughuli ya nusu saa, na mafuta yenyewe ni lita chache tu. Tatizo ni watu. Hujafungua kifuniko cha tanki, keshashuka mzee kutoka kwenye pikapu yake, mikono mfukoni, macho yamelegea: baba yake alikuwa nayo. Kama si baba, basi mjomba aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Iliuzwa kwa bei ya kutupa, na mpaka leo inamuuma. Mimi nasikiliza huku pampu imeshakata, maana nililelewa kwamba mkubwa hakatizwi maneno, hata kama maneno yenyewe ni ya baba wa mtu nisiyemjua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza inanikata mgongo kiasi gani. Wanalipapasa tanki, wanashusha pumzi, halafu wanarudi kwenye kiyoyozi chao na kuondoka. Ninayebaki nayo ni mimi.

Ni Triumph Bonneville ya mwaka 1970, cc 650, silinda mbili zimesimama bega kwa bega. Kiwanda kilichoitengeneza, kule Meriden karibu na Coventry, kilifungwa mwaka 1983, kwa hiyo sina ofisi ya kupeleka malalamiko. Nalalamika hapa.

Ndani ya injini, pistoni mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Waingereza waliona hilo ni jambo la busara, kwa kuwa miwako inapishana sawasawa na mlio unatoka mtamu. Mlio mtamu kweli, sibishi. Lakini kila pistoni zikifika juu kwa pamoja, chombo kizima kinatikisika kuanzia hendeli mpaka mkiani. Vioo vya pembeni havionyeshi magari, vinaonyesha ukungu wa rangi. Nati zinajifungua zenyewe. Nikiikimbiza kwenye I-35E mpaka mjini Dallas, nafika kazini vidole vina ganzi na sahihi yangu imekuwa ya mgonjwa wa malaria.

Gia nazo zinapandishwa kwa mguu wa kulia, breki ya nyuma inakanyagwa kwa wa kushoto. Katikati ya miaka ya 1970 Marekani ililazimisha gia zihamie kushoto, yangu ikawa imeshawahi kuzaliwa. Shemeji alikuja kututembelea, akaomba aizungushe kidogo mtaani. Kila akitaka kusimama anabadilisha gia. Alisimamishwa na ua wa jirani.

Ukitaka kukaza nati, andaa seti mbili za spana. Miaka ile kiwanda kilikuwa kinahama kutoka vipimo vya zamani vya Whitworth kwenda vipimo vilivyokubaliana na vya Marekani, na kilihama taratibu sana, nati moja moja. Nati hii ya Uingereza ya mfalme, ile ya pembeni yake ya Marekani. Spana isiyoenea unaijua baada ya kuchubuka kidole.

Halafu kuna jua. Mwaka 2011 uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth ulihesabu siku 71 ambazo joto lilifika nyuzi 100 za Fahrenheit au zaidi, yaani karibu 38 za kwetu. Injini hii haina rejeta. Inapozwa na upepo, na upepo wa DeSoto mwezi wa nane haupozi hata chai. Ukikwama kwenye taa za makutano ya Hampton na Pleasant Run, unasikia magoti yanaiva huku ukiliangalia jagi la barafu ndani ya pikapu iliyo mbele yako. Helmeti ukitaka usivae. Texas inamruhusu mtu aliyetimiza miaka 21 kuacha kichwa wazi, mradi awe amehudhuria mafunzo au ana bima ya afya. Wameona bima ni ngumu kuliko fuvu. Mimi navaa zote mbili.

Sasa, mtu mwenye akili angeiuza. Mimi nikaamua kuiboresha, nikianza na umeme. Waendeshaji wa dunia nzima wameutania umeme wa kampuni ya Kiingereza ya Lucas kwa zaidi ya nusu karne, mpaka wakampa Lucas cheo cha Mfalme wa Giza, lakini kwa yangu sina haja ya kumsingizia marehemu. Nyaya nilizozikuta chini ya tanki zilikuwa zimeungwa na mwenyewe wa zamani kwa plasta ya jeraha. Plasta, ile ya kidole. Na betri ilikuwa imefungwa kama kiwanda kilivyotaka, chanya ndiyo inashikana na fremu, kinyume cha magari yote mtaani. Nikang'oa nyaya zote. Nikatoa platini, nikaweka kiboksi cha kielektroniki kinachojua chenyewe wakati wa kurusha cheche. Taa ya mbele nikaweka kali, ya LED.

Hapo ndipo nilipoijua tabia ya kazi hii. Ukirekebisha kimoja, unakiamsha cha jirani yake. Moto ukiwa mzuri, injini inapata nguvu. Ikipata nguvu, klachi inateleza. Ukiimarisha klachi, unagundua kwamba sasa unakwenda kasi kuliko uwezo wa kusimama, kwa hiyo breki ya ngoma ya mbele iondoke, ije ya diski. Diski ikishika, shokomzoba za mbele zinazama mpaka unaliona tairi karibu na pua. Na kila kifaa kinatoka mahali pake: kimoja Uingereza, kingine Japani, kingine California, na vyote vinafika nyumbani mchana wakati mama watoto yupo na mimi sipo.

Kabureta ndizo zilizonimaliza uvumilivu. Zilikuwa mbili, kila silinda na yake, na kabla ya kupiga kiki ulipaswa kukibonyeza kitufe kidogo ubavuni mwa kila moja mpaka petroli ikulowanishe kidole. Ofisini nilikuwa nanuka kama kituo cha mafuta. Zaidi ya hapo lazima ziende sawa kwa unywele, mmoja akitangulia kufunguka mwenzake ananuna, injini inapiga chafya. Unazisawazisha asubuhi, jioni zimeshagombana. Nikaziondoa zote mbili nikafunga Mikuni moja ya Kijapani inayozilisha silinda zote kupitia bomba la panda. Huko juu kabisa nimepoteza kasi kidogo, kasi ambayo nisingeithubutu hata kama bima ya afya ingelipia.

Nasema nimefunga mimi, lakini fundi ni kijana mmoja wa Bukavu anayetengeneza magari Grand Prairie na ananisaidia Jumamosi. Aliizunguka mara ya kwanza kimya, akachuchumaa, akagusa sakafu kwa kidole na kukinusa. "Yaya, hii moto iko inamwaga mafuta." Kwao Kongo yaya ni kaka mkubwa, na moto ni pikipiki.

"Inamwaga kidogo."

"Hapana, Yaya. Iko inamwaga yote."

Kasha la kranki limeungwa kwa vipande viwili, kushoto na kulia, mshono unakwenda wima mpaka chini kabisa, yaani pale pale oili inapopenda kukaa. Pikipiki za Kijapani zilipozigawa injini zake kwa mlalo, mshono ukiwa juu ya oili, mjadala uliisha. Kijana alisafisha nyuso zote mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, akapaka gundi nyembamba kwa ncha ya kidole kidogo, akaniambia niondoke nisimsemeshe. Tangu hapo inadondosha matone machache tu, nimeiwekea boksi la pitsa.

Nyumbani wamenichoka. Mama mkwe alipiga simu ya video kutoka Muheza, nikampa shikamoo, akaitikia, akaomba aione hiyo pikipiki inayozungumzwa na ukoo. Nikamwonyesha. Akaitazama muda.

"Sasa baba, bodaboda si hata huku zipo?"

Na ni kweli. Shemeji yangu mwingine ana Boxer inayoshusha magunia ya machungwa kutoka shambani kila siku, mvua na jua. Oili anamwaga, anaweka nyingine, anaondoka. Hajawahi kulisikia jina la Whitworth na watoto wake wanakwenda shule.

Hayo yote nayavumilia. Nisichovumilia ni watakatifu. Kuna wazee wa pikipiki za Kiingereza ninaokutana nao Jumapili asubuhi kwenye ile barabara ya FM 1382 inayopinda vilimani Cedar Hill na kupita jirani na Joe Pool Lake. Mmoja hutembea na tochi. Mchana kweupe, tochi. Aliimulika yangu chini ya tanki, akaiona Mikuni, akaiona diski, akatikisa kichwa kama yuko msibani. "Kijana, umeiharibu. Hii si ya asili tena."

Kijana, na mimi nina mjukuu.

Nikamuuliza kama anajua hilo jina la Bonneville limetoka wapi. Tarehe 6 Septemba 1956, Johnny Allen wa Fort Worth alijilaza ndani ya chombo kirefu walichokiita Texas Cee-gar, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Utah, akakimbia maili 214 kwa saa, karibu kilomita 345. Chombo alikijenga Stormy Mangham, rubani wa American Airlines. Injini ilichokonolewa na Jack Wilson, fundi wa huku huku kwetu. Na ilikuwa Triumph Thunderbird ya cc 650, injini ya mtu wa kwenda kazini, ila waliinywesha methanoli. Shirikisho la kimataifa, FIM, likakataa kuitambua rekodi, pakawa na ugomvi wa muda mrefu, lakini Triumph jina walishalipenda. Pikipiki yao mpya ya mwaka 1959 wakaiita Bonneville. Sasa kama si watu wa Texas kuichezea injini ya Mwingereza, huyu mzee angekuwa anamulika nini? Wao waliweka methanoli wakapewa jina kwenye tanki. Mimi nimeweka kabureta ya Kijapani, nimekufuru.

Mzee akazima tochi. Nikadhani nimemshinda. Akaniuliza zile kabureta mbili za asili nilizitupa wapi.

Sikuzitupa. Ziko chini ya kitanda cha wageni, zimefungwa kwenye taulo ambalo mama watoto analitafuta. Nikamtajia bei ya kumfukuza. Akatoa pochi pale pale, hakupunguza hata senti, na mimi niliyekulia sokoni nikajua nimejipunja. Hela ile imetosha nusu ya stata ya umeme. Nusu ya pili bado naitafutia maneno.